Mwanachuo Ana Muda, Uhuru Je?

Lawama ni ileile kila muhula: wanachuo wana muda tele, kisha wanalalamika hawapumziki. Anayetazama ratiba ya vipindi pekee ataona siku zenye mapengo makubwa na kuwaita wavivu. Sioni kama hesabu hiyo imekamilika.

Chukua mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila moja inakadiriwa kuhitaji saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje yake. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800. Zigawe kwa wiki 40 upate saa 37 na nusu hadi 45 kwa wiki, sawa na ajira kamili, ila mwajiriwa wa ofisini akishafunga mlango anaiacha kazi huko. Na hapo bado hatujamgusa anayefanya kibarua apate kodi ya chumba.

Ndiyo maana nakubaliana na mwanasaikolojia John Neulinger, aliyeeleza mwaka 1974 kwamba kiini cha starehe ni mtu kujihisi huru kuchagua anachofanya. Wingi wa saa si kipimo. Mwanachuo anatazama mpira usiku, simu iko pajani. Kundi la kazi ya darasa linauliza, "Nani anamalizia slaidi?" Anajibu, "Dakika tano," na zinameza kipindi cha pili chote. Kwa mwenye kuhesabu saa, huyo amestarehe usiku mzima.

Wakosoaji nao wana hoja, na iliyo nzito si ile ya uvivu. Hisia ya uhuru hudanganya. Anayetelezesha video hadi alfajiri anajiona huru, ilhali programu ndiyo inayomchagulia kila inayofuata. Wengine walisukumwa kujiunga na timu au kwaya, leo wanaipenda na huwatoi humo. Sawa. Lakini dawa wanayopendekeza, semina za kupanga muda (zenye mahudhurio ya lazima, jamani!), inakata palepale panapouma.

Chuo kinachotaka kazi ziwasilishwe Jumapili saa sita usiku kimeshampangia mwanafunzi wikendi yake. Kusogeza tarehe hiyo hadi Jumatano hakuhitaji bajeti. Hilo lijaribiwe kwanza, semina zisubiri.