Ubongo wa Samaki Una Adabu Kuliko Wangu

Jameni, kuna wapangaji kwangu mtaani Umoja, Nairobi, wasiolipa kodi na hakuna wa kuwafukuza. Mama Kevo aliwanunua, wale samaki wa mapambo wenye rangi ya dhahabu, akawaweka kwenye tangi la kioo mahali palipokuwa pa redio yangu. Kikopo cha chakula chao kinaninunulia unga na sukuma wiki, na nauli ibaki. Nikilalamika naambiwa, "Baba Kevo, nao wana tumbo."

Hawana! Mpwa wangu anasomea mambo ya samaki chuoni. "Mjomba, hawa ni jamii ya samaki waitwao kapu (carp), hawana mfuko wa tumbo. Chakula kikipita kooni, kinaingia utumboni moja kwa moja."

Sasa njaa inatoka wapi? Kichwani, bwana. Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, na humo mna kambi mbili. Moja inapaza sauti "kula!" kwa kemikali inayoitwa NPY. Ya pili inasema "acha", na utumbo ukishapata mafuta na protini huiunga mkono kwa homoni ya CCK. Bunge kamili, ila hili hupiga kura kwanza ndipo liende kula.

Kinachoniuma ni kwamba wabunge wa samaki wanaijua hali ya uchumi. Chukua baridi hii ya Julai. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Ngege, yaani tilapia, maji yakishuka chini ya nyuzi 20, hupunguza kula. Yakikaribia 16, anaacha kabisa. Mimi baridi hiyohiyo ndiyo inayonitoa nyumbani usiku, kofia masikioni, nikasimame kando ya jiko la mutura. Jamaa anakata vipande kwenye ubao, mvuke unapanda, kachumbari pembeni, chumvi ya pilipili kwenye kisahani kinachochovywa na mtaa mzima. Naagiza ya mbao, yaani shilingi ishirini. Halafu nyingine ya mbao. Halafu namwambia aandike kwenye daftari.

Mfadhaiko je? Mkimbize samaki na wavu, ubongo wake unatoa homoni ya CRF na hamu ya chakula inakatika. Mimi keateka akigonga mlango kuulizia kodi, mkono unatafuta mandazi. Kwenye matatu konda ametubana watatu kiti cha wawili, anasema "songa kidogo tu". Samaki angesusa chakula, mimi nashuka na njugu mkononi.

Na usiniguse kuhusu mama ngege! Huyo huatamia mayai mdomoni, na muda wote huo hali kitu. Mdomo umejaa watoto, hamezi hata mmoja. Mimi nikitumwa mkate, unafika nyumbani umeshafunguliwa.

Kuna homoni nyingine, leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Kwa samaki wengi hutengenezwa zaidi na ini. Kwetu hutoka kwenye mafuta ya mwili. Kwa kitambi hiki changu, taarifa zinafika kila dakika. Ubongo unazisoma, haujibu.

Kunifariji, mpwa akanitajia samaki kipofu wa mapangoni huko Mexico. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba baadhi yao wana jeni iitwayo MC4R iliyobadilika, breki ya njaa ikalegea: wanakula kupita kiasi, wananenepa, na afya wanayo. Nikafurahi, kumbe nina ndugu!

"Lakini mjomba, yeye chakula huingia pangoni kwa msimu. Wewe una kibanda cha chapati kila kona." Akasema hivyo akimega chapati yangu.

Basi nikapeleka hoja kwa Mama Kevo: baridi ikiwepo, samaki hawahitaji chakula kingi, tupunguze matumizi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kesho yake akaja na hita ya tangi. Sasa tokeni za umeme zinayeyuka, samaki wana joto lao, hamu yao imerudi, na mimi nalala na soksi na sweta la Kevo.