Mtoto wa miaka 13 na hesabu ya tajiri: tuanzie wapi Lubumbashi?

Mtoto wa miaka 13 anayeishi mtaa wa Katuba, Lubumbashi, na kusoma karibu na katikati ya mji anapita kila siku ndani ya tofauti za matabaka bila mtu kumwambia neno. Anaona jipu za kampuni za migodi zenye vioo vyeusi. Anaona mama akinunua unga kwa meka, yaani kopo la kupimia, kwa sababu pesa ya mfuko mzima haijatimia. Anarudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval (ada ya shule), mwenzake wa dawati moja anabaki darasani. Wazazi, walimu na wajomba wanachobishania ni kama umri huo unafaa kupewa maelezo pia: nani anamiliki nini, nani anafanya kazi, na pesa inapita njia gani kati yao.

Wanaosema asubiri wana hoja nzito kuliko watu wa siasa za kushoto wanavyopenda kukiri. Mtoto wa umri huo anapenda hadithi yenye mwovu mmoja. Ukimpa neno "bepari" kabla ya kumpa hesabu, kesho atalitupa kama tusi kwa Mhindi wa duka, kwa Mchina wa mgodi, au kwa baba wa rafiki yake mwenye mashine ya kusaga mahindi. Na nchi hii ya Kongo imeshalipia hadithi ya namna hiyo. Tarehe 30 Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza zairianisation: maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zikapewa wananchi. Waliozipata, wale walioitwa acquéreurs, wengi walikuwa watu wa chama na jamaa zao. Wengi waliuza vitu vilivyokuwa dukani, wakala pesa, wasiagize vingine. Rafu zikabaki tupu, wafanyakazi wa maduka hayo wakapoteza kazi, na kufikia 1976 serikali ileile ilikuwa inawaita wenye mali wa zamani warudi. Mali ilihama mkono. Aliyesimama nyuma ya kaunta hakupata kitu. Mtoto akielezwa ubaya wa mabepari bila kuelezwa habari ya 1973, amepewa nusu ya habari, na nusu ya habari kwa umri huo ni hatari.

Lakini kunyamaza nako kuna bei, na Katanga tunaijua. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipokuwa inakufa na kazi zimeadimika, mwaka 1992 na 1993, hasira ya watu haikuelekezwa kwa waliokula kampuni. Ilielekezwa kwa Wakasai, watu wenye asili ya jimbo jirani la Kasai. Mamia ya maelfu walifukuzwa, wengine wakakaa kwenye vituo vya reli wakisubiri treni kwa wiki nyingi. Fundi aliyezaliwa Mwene-Ditu na fundi aliyezaliwa Bukama walikuwa wanasubiri mshahara uleule kwenye dirisha lilelile, lakini maelezo yaliyopatikana haraka yalikuwa ya kabila. Hapo ndipo wazo la tabaka linapoonyesha faida yake: linamfundisha mtoto kuuliza mtu anasimama wapi katika kazi, kabla ya kuuliza babu yake alitoka wapi. Kwa maoni yetu, sababu hii peke yake inatosha kumwanzisha mapema. Kubaki kubishana juu ya umri ni kupoteza muda. Ubishi wa maana ni juu ya mpangilio wa somo.

Usianze na Karl Marx, mwanafalsafa aliyeuchambua ubepari. Anza na manseba, dereva wa moto (pikipiki ya abiria), kwa sababu mtoto anampanda na anaweza kumuuliza. Chukueni karatasi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Mtoto aziondoe na kuweka zile atakazopewa na dereva mwenyewe. Dereva anaingiza faranga 60,000 kwa siku. Mafuta 18,000. Versement, yaani pesa ya kila siku ya mwenye moto, 20,000. Chakula 4,000. Polisi, maegesho na vinginevyo, 4,000. Kinachobaki ni 14,000. Sasa geuzeni karatasi, mwandike upande wa mwenye moto: alinunua chombo kwa faranga 3,200,000, anapokea 20,000 mara siku 26, yaani 520,000 kwa mwezi. Baada ya miezi sita na siku chache pesa yake imerudi. Swali la kumwachia mtoto ni hili: kuanzia mwezi wa saba, ile 20,000 ni malipo ya nini?

Msikimbilie kujibu. Mwenye moto atasema: injini ikifa ni juu yangu, moto ikiibwa usiku mtaani Kenya, hapa mjini, ni hasara yangu, na pesa hiyo niliikusanya kwenye likelemba (upatu) miaka miwili bila kunywa hata bia moja. Ni majibu ya kweli, na yaingie kwenye karatasi kwa bei: tairi, mnyororo, injini, uwezekano wa wizi. Dereva naye atasema: mvua ikinyesha siku nzima versement haipungui, nikivunjika mguu tajiri anatafuta dereva mwingine jioni ileile. Hayo pia yaingie. Mtoto ataona mwenyewe kwamba pande zote mbili zina hatari, ila moja anahatarisha pesa na mwingine anahatarisha mwili. Halafu mwonyeshe mkataba wa aina ya pili, ambapo dereva analeta zaidi, tuseme 25,000, na baada ya miezi kumi moto inakuwa yake. Atapiga hesabu: 25,000 mara 26 mara 10 ni 6,500,000, zaidi ya mara mbili ya bei. Je, ameibiwa au amepata ngazi? Tumewasikia watu wazima wakishindwa kukubaliana hapo, na si vibaya mtoto akajua hivyo.

Aliyemsoma Marx vizuri atapinga: manseba hauzi nguvu zake kwa mshahara, anakodi chombo, hivyo huo si mfano kamili wa unyonyaji. Ni kweli. Ndiyo maana karatasi ya pili iwe ya sentineli wa kampuni ya ulinzi. Tena kwa mfano: mteja analipa kampuni dola 350 kwa mwezi kwa kila mlinzi, mlinzi anapokea 150. Toeni nguo, ofisi, kodi, msimamizi, gari la kuzungusha walinzi. Kikibaki kitu, hicho ndicho Marx alichokiita thamani ya ziada: kazi ilikizaa, mwenye kampuni akakichukua kwa sababu mkataba na mteja uko mikononi mwake. Anayetetea soko atajibu kwamba kumtafuta mteja na kupanga zamu ni kazi pia, na kwamba bila kampuni mlinzi angezunguka mlango kwa mlango. Mtoto aandike majibu yote mawili kwa maneno yake. Akishindwa kuandika upande mmoja, somo halijaingia, hata kama anaupenda sana ule mwingine.

Historia ije baada ya hapo, na Lubumbashi haina haja ya kuazima mifano ya viwanda vya Manchester, Uingereza. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, mji ukafuata 1910. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa mkataba mfupi, ikawaweka wafanyakazi na wake zao kwenye kambi, kwa posho, hospitali na shule. Wazee wanasema hadi leo: kazi njo baba, njo mama (kazi ndiyo baba, ndiyo mama). Mtoto aulizwe kwa nini kampuni inayotafuta faida ilishe watoto wa watu. Jibu la kwanza ni kwamba maisha yalipanda kweli. La pili ni kwamba fundi anayekaa miaka ishirini anagharimu kidogo kuliko kutafuta kibarua mpya kila msimu. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Na baba huyo alikuwa na askari: tarehe 9 Desemba 1941, wakati bei zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Makumi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao.

Kisha mwaka 1967 serikali ikaichukua kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Hapa mtoto mwenye akili atasema: basi, tatizo limekwisha. Mpe tarakimu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mashine hazikufanyiwa ukarabati, pesa ilikwenda Kinshasa, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliokuwa wanadai mishahara ya miezi mingi waliondoka kwa kile kilichoitwa départs volontaires (kuondoka kwa hiari), kila mmoja na malipo ya mara moja. Baada ya sheria ya migodi ya 2002 mtaji wa nje ulirudi, na tangu 2022 nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Upande wa soko una haki ya kuonyesha kidole kwenye tarakimu hiyo. Upande wa pili una haki ya kuuliza pesa hiyo imefanya nini kwenye barabara za mtaa wa Ruashi, hapa mjini.

Kuhusu sheria ya 2018, inatosha kumwambia kwamba ushuru wa madini unagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Vilevile kampuni inatenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya jamii inayozunguka mgodi. Aone kwamba kati ya ubepari mtupu na kutaifisha kila kitu kuna nafasi pana ya kubishana juu ya asilimia. Zaidi ya hapo ni mambo ya umri wa miaka 16.

Makosa mengi hutokea kwa haraka ya mkubwa. Anataka mtoto afikie msimamo wake jioni ileile, kwa hiyo anaruka karatasi na kumpa hotuba. Mtoto anatoka na moja kati ya mawili: kumdharau baba yake anayefanya kazi ya kuajiriwa, au kukata tamaa kwamba kusoma ni bure kwa kuwa wenye mali wameshagawana. La pili ndilo baya zaidi, na dalili yake ni kuacha kufanya mazoezi ya nyumbani. Akifika hapo, rudini kwenye ule mkataba wa miezi kumi na habari ya mgomo, kwa sababu vyote viwili vinaonyesha watu waliotafuta kusogea, mmoja kwa kuweka akiba na wengine kwa kuungana.

Jambo moja huwashika wazazi bila kujiandaa. Nyumbani kukiwa na boyi (mtumishi wa kiume) au dada wa kazi, mtoto atafika kwake kabla ya wiki kwisha, akiwa na karatasi na kalamu, aulize anapokea kiasi gani na anaamka saa ngapi. Mzazi afanye hesabu hiyo peke yake kwanza, na amuulize dada mwenyewe kama anakubali mshahara wake utajwe mbele ya mtoto. Akikataa, mtoto abaki na manseba na sentineli, na hesabu ya jikoni ingoje mpaka dada akubali.