Feni Yangu na Mafuta ya Rolex

Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi huku Nyendo, Masaka, Uganda. Kompyuta ni moja, ya mezani, mtumba. Jioni moja ya Novemba ikaanza kulia: trrrrrrr, sauti nyembamba ya kutia ganzi meno.

Nikaipiga kofi ubavuni. Ikanyamaza. Dakika mbili hazijaisha, trrrrrrr. Kofi. Kimya. Trrrrrrr.

Bibi mmoja alikuwa kwenye stuli akingoja barua yake ya kibanja, kile kipande chake cha ardhi. Ni mjane wa askari, na Kiswahili chake ni cha kambini kama changu, maana baba naye alikuwa jeshini.

"Wewe kijana, hii kitu yako iko mgonjwa."

"Feni tu hiyo, bibi. Sasa hivi inapona."

Nikazima, nikafungua ubavu wa boksi. Vumbi jekundu lilikuwa limejishindilia juu ya prosesa kama blanketi. Nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli, feni ikazunguka vuuu kwa raha zake. Fundi wa kweli huzuia mapanga kwa kidole, kwa sababu feni ikizungushwa na upepo hugeuka jenereta na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Nilikuwa nalijua hilo. Nililikumbuka baadaye.

Nikawasha boksi likiwa wazi: kimya. Nikalifunga: baada ya muda, trrrrrrr. Nikalifungua: kimya. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza. Mimi nikangoja mpaka ilie tena, nikafanya mtihani wa kalamu. Unagusa kitovu cha feni kidogo tu, isimame kwa sekunde moja. Kelele ikikoma, mshtakiwa umempata. Nikagusa, kelele ikakoma. Hukumu ikapita.

Feni za namna hii zikikauka mafuta kwenye kitovu huanza kukwaruza, na dawa yake ni tone la mafuta ya cherehani. Fundi cherehani alikuwa keshafunga. Aliyebaki barabarani ni kijana wa rolex, si saa bali chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga.

"Mzee, mafuta ni mafuta," akaniambia, akanimiminia kwenye kifuniko cha soda.

Nikabandua kile kikaratasi cha kitovuni. Tone moja la dawa, moja la bahati, la tatu liliponyoka lenyewe. Baada ya dakika kumi kibanda kizima kinanukia kitunguu, na mtu aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akauliza rolex ni bei gani.

Trrrrrrr.

Sijafika hata kwenye bisibisi, umeme ukakatika. Nyendo yote giza. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Na katika giza lile, ndani ya kompyuta isiyo na umeme hata chembe:

Trrrrrrr.

Nilijikuta nje ya mlango, bisibisi mkononi kama mkuki. Bibi hakutikisika. Akawasha tochi ya simu yake, akapitisha mkono nyuma ya nyaya, akatoa senene. Wa kijani, mnene, dume la kuimba.

Juu ya paa la jirani kuna mtego wa senene: mabati yamesimamishwa, mapipa chini yake, na taa kali kama za uwanja wa mpira. Wanaokosa pipa hutuangukia sisi. Huyu aliingia kwa matundu ya nyuma ya boksi, akakuta joto, akaanza kuimba. Kila kofi nililopiga lilimtia hofu tu, akatulia kidogo.

"Wewe ukoo gani?" bibi akauliza.

"Nsenene, bibi," nikajibu kwa sauti ndogo. Sisi wa ukoo huo senene ni mwiko wetu, hatuwagusi kwa mdomo.

Bibi alicheka mpaka stuli ikalia. "Jioni yote unapiga ndugu yako makofi! Na mafuta ya kumkaanga umeleta!" Akamnyofoa mabawa na miguu, akamfunga kwenye pindo la kitenge. "Mimi siko wa ukoo wako."

Barua yake niliichapa kesho yake, bure.

Wiki mbili baadaye feni ikaanza kulia tena. Safari hii ilikuwa yenyewe: mafuta ya rolex yalishikana na vumbi yakawa ugali mle kitovuni. Lakini kabla ya kununua nyingine nilimwita kwanza bibi aje asikilize.