Lile Tanuri Lilikuwa la Nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya mdogo wangu, huku kwetu Rungwe. Ikasomwa risala mbele ya mgeni rasmi: shule yetu ya Kikristo ilianzishwa kwa hisani ya wafadhili kutoka Ulaya. Watu wakapiga makofi. Bibi yangu, aliyekaa safu ya nyuma kabisa, hakupiga. Aliniinamia akauliza polepole, "Na lile tanuri lilikuwa la nani?"

Tangu siku ile sina amani.

Anayeijua Tukuyu, mji wetu hapa Rungwe, anaijua mvua yake, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tofali bichi likilowa usiku, asubuhi unakuta tope. Kwa hiyo wazee wetu walivizia kile kiangazi kifupi, wakafyatua matofali ya shule hiyo alfajiri kabla ya kwenda kuchuma chai, wakayafunika kwa majani ya migomba. Mwaka mmoja mvua iliwawahi. Tanuri lililokwisha kupangwa, bado halijawashwa, likaporomoka lote. Wakaanza upya. Bibi alikuwa na mimba ya shangazi, na debe la maji kichwani kutoka mtoni. Jumapili baada ya ibada ulikuwa mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, chupa ya maziwa. Mtu alinunua mkungu, akaurudisha uuzwe tena. Hela hiyo ndiyo iliyomlipa fundi.

Shule za misheni zilikuwa zimetaifishwa kwa sheria ya 1969, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto asipochaguliwa darasa la saba, safari imeishia hapo. Njombe na Mufindi nao walijichangisha hivyo hivyo.

Sawa, wafadhili walileta mabati na vitanda vya bweni. Ndaga fijo, asanteni sana. Lakini walikuta kuta zimesimama misimu miwili zikisubiri paa.

Watoto wetu wanakariri kwamba wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Ni vizuri, wajue. Ila mtoto huyo huyo anasoma miaka minne ndani ya kuta ambazo bibi yake alizibebea maji, kisha anatoka akiamini kwamba watu wa kwao huletewa tu. Kesho kijiji chake kikikosa zahanati, ataanza kwa kuandika barua ya kuomba. Tunamnyang'anya nguvu ambayo tayari ni yake, tena tunafanya hivyo kwenye kipaza sauti, mbele ya wazazi wake! Ada nayo imepanda hadi wajukuu wa waliofyatua wanarudishwa nyumbani. Hilo nitaliandika siku yake.

Daftari la michango lipo. Mjane wa mzee wa kanisa aliyekuwa mtunza hazina amelihifadhi kwenye mfuko wa nailoni: jina, idadi ya matofali, siku ya zamu. Bibi yuko ukurasa wa tatu, matofali 140. Nimepiga picha kurasa zote, na Jumatatu nazipeleka kwa mkuu wa shule. Nitamwomba risala ya mwakani ianze na majina yale, hata kama kuyasoma kutachukua nusu saa.