Fimbo nayo ina hesabu yake

Kila taifa moja linapoangamiza jingine, hakosekani mtu wa kusema kwamba Mungu ndiye mwendesha historia, kwa hiyo hata muuaji yuko kazini mwake. Wengine hulisema kwa unyenyekevu, wengine kwa uvivu wa kufikiri. Wayahudi wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 2,500, na nadhani wamefika mbali kuliko wahubiri wetu wengi wanaonukuu manabii hao hao.

Chukua Isaya sura ya 10. Nabii anaiita Ashuru fimbo ya hasira ya Mungu. Huo ni mstari wa 5, na mimbarani unapendwa. Mstari wa 7 huwa unarukwa: Ashuru mwenyewe hana habari na utume huo, analolitaka moyoni ni kuharibu na kufuta mataifa, na kwa ajili hiyo ataadhibiwa. Yeremia anathubutu zaidi. Katika sura ya 25 Mungu anamwita Nebukadreza mtumishi wake, halafu mistari mitatu mbele anaahidi kuiadhibu Babeli miaka 70 ikitimia.

Haki iko wapi hapo? Swali hilo lilibanwa hasa kuhusu Misri. Katika Mwanzo 15 Abrahamu anaambiwa kwamba uzao wake utatumikishwa na kuteswa miaka 400, kisha taifa hilo litahukumiwa. Sasa kama mambo yalikwisha kupangwa, kosa la Mmisri ni lipi? Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyefariki huko huko Misri mwaka 1204, alijibu kwamba tamko lile lilihusu taifa, halikumtaja mtu yeyote. Kila Mmisri angeweza kukataa. Ni jibu la mwanasheria hodari, ila mimi halinitoshi: wangekataa wote, ahadi ingetimiaje?

Nahmanides wa Girona, mfafanuzi wa Maandiko wa Kiyahudi wa karne ya 13, naye halikumtosha, akaleta kipimo kingine. Kutumikisha na kutesa kulitajwa, sawa; kuwatupa watoto wachanga mtoni kulitajwa wapi? Walizidisha. Anamtegemea nabii Zekaria, ambaye kwake Mungu analalamika kwamba alikasirika kidogo tu, mataifa yakachochea maafa. Na hata asiyezidisha huulizwa nia yake: aliyepiga kwa chuki, au kwa kutamani mali ya jirani, hawezi kujificha nyuma ya amri ya mbinguni.

Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya Kiyahudi, ina kisa kinachonikaa kichwani kuliko hoja hizi zote. Wayahudi wawili, Pappus na Lulianus, wako mbele ya mtawala wa Kirumi, wanakaribia kuuawa. Wanamwambia kwamba ikiwa wanastahili kufa, Mungu ana wauaji wengi, ana dubu na simba tele wa kuwarukia. Amewatia mikononi mwa mtawala huyo ili baadaye amdai damu yao.

Kingine ni cha Nero, kaisari wa Roma, na hapa tunasoma hadithi ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, si historia ya Roma. Anafika kuishambulia Yerusalemu, anarusha mishale pande zote, yote inaangukia mjini. Anamwomba mtoto amsomee aya aliyojifunza, na jibu linamfungua macho: Mungu anataka kuibomoa nyumba yake, kisha ajifute mikono kwake, yaani lawama imwangukie yeye. Nero anakimbia na kuwa Myahudi. Fimbo imegoma! Marabi wanaongeza, bila aibu, kwamba Rabi Meir, mmoja wa walimu wakubwa katika Talmudi, alitoka katika uzao wake.

Ninachokiona katika haya yote ni kwamba maneno haya yana mwenyewe, yule anayeumia pamoja na watu wake. Yeremia alimwita Nebukadreza mtumishi wa Mungu akiwa pamoja na watu wake, ndani ya mji ambao mfalme huyo angekuja kuuzingira. Pappus alikuwa anakufa. Mtu wa nje akiyaokota, yanageuka kuwa kitu kingine. Mwaka 1961 mjini Berlin, mchungaji Heinrich Grüber, aliyefungwa katika kambi za mateso za Wanazi za Sachsenhausen na Dachau kwa kuwasaidia Wayahudi, alimweleza rabi wa Kimarekani Richard Rubenstein kwamba maangamizi ya Wayahudi chini ya Hitler yalikuwa mapenzi ya Mungu. Grüber alikuwa mtu mwema, tena jasiri, na bado maneno yale hayakuwa ya kinywa chake. Rubenstein alitoka pale imani yake katika Mungu wa namna hiyo ikiwa imevunjika, nami simlaumu.

Kigezo changu kina tundu, najua. Rabi Joel Teitelbaum, kiongozi wa kundi la Wayahudi wa Kihasidi la Satmar, aliponea chupuchupu mikononi mwa Wanazi, naye akafundisha kwamba Uzayuni, yaani harakati ya kuwajengea Wayahudi taifa lao, ndio ulioleta adhabu ile. Yeye alikuwa ndani, haki ya kusema anayo. Ila waliouawa walikuwa karibu milioni 6, zaidi ya milioni moja wakiwa watoto, na wengi wa watoto hao hawakuwa na umri wa kujua Uzayuni ni kitu gani.