Kukubali kurekodiwa si kukubali kuanikwa

Video ya faragha ikisambaa Kampala, wa kwanza kuhojiwa ni mwanamke aliyemo. Aliyeisambaza anakula chakula chake kwa raha. Nilimsindikiza rafiki yangu kituo cha polisi kumshtaki mpenzi wake wa zamani. Afande akaomba aione video "kwa ajili ya ushahidi", na kabla hajaandika neno kitabuni, simu ilishapita mikono mitatu. Kisha: "Na wewe dada, nani alikutuma ujirekodi?"

Afande huyo hakuanza yeye. Sheria ya Uganda ya Kupinga Ponografia ya 2014 ilipima uchafu wa picha. Ridhaa ya aliyemo haikuihusu. Mwaka huohuo picha za utupu za mwimbaji maarufu zilianikwa, na waziri wa maadili wa wakati huo akataka mwimbaji ndiye akamatwe! Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vikuu vya sheria ile, nikashangilia. Ila Kanuni ya Adhabu bado ina kosa la machapisho machafu, kwa hiyo anayekwenda kushtaki anakwenda akihofia kugeuzwa mshtakiwa.

Na anayeuza video zake mwenyewe je? Hapo hata marafiki zangu wapenda haki huguna. Mimi naona hivi: aliyeuza kwa waliolipa hakuwapa ruhusa ya kuimwaga Telegram. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2006, aliyejirekodi mwenyewe kwa kawaida ndiye mwenye hakimiliki ya video hiyo, anaweza kudai. Lakini kama kamera aliishika mpenzi, hakimiliki huelekea kuwa ya mpenzi, na mwenye mwili abaki mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa kabla ya kutumia taarifa za mtu, lakini niambieni ni dada gani wa Kisenyi, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa Kampala, atakayeanza na hiyo, wakati video inazunguka tangu asubuhi.

Wakenya walilitaja kosa lenyewe katika sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2018: kusambaza picha za faragha za mtu mwingine. Adhabu ni faini ya hadi shilingi 200,000 za kwao, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ni ndogo kwa maoni yangu, lakini inamlenga msambazaji. Bunge letu lichukue hilo, liongeze amri ya mahakama ya kuondoa video ndani ya saa chache, na lipige marufuku ushahidi kuzungushwa kaunta ya polisi.