Jozi Kubwa Kabla ya Flopu: Kuongeza Dau au Kuvizia?

Usiku wa mbalamwezi mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, hutulia, kwa kuwa mwanga wa mwezi huishinda taa ya mvuvi na dagaa hawakusanyiki chini yake kama inavyotakiwa. Hizo ndizo siku ambazo kikundi chetu hutandika mkeka na kucheza kwa punje za maharage poka ya aina ya Texas Hold'em, ambapo kila mmoja hupewa karata 2 za siri na nyingine 5 hufunuliwa kwa ajili ya wote. Kila mmoja huanza na punje 100. Dau dogo la lazima ni punje 1, na dau kubwa la lazima ni punje 2. Fedha hatuweki, kwa sababu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni kwa mchezo wa fedha, na sisi tunachokitafuta kwenye mkeka ule ni mchezo wenyewe.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mvuvi wa miaka mingi, alipata jozi ya ree, yaani ree mbili, karata iliyo juu ya zote, akiwa wa kwanza kuamua. Hakuongeza dau. Alilipa punje 2 tu, kimya. Watatu wakamfuata, mwenye dau dogo akakamilisha, na mwenye dau kubwa akagonga mkeka kuashiria kwamba haongezi kitu. Flopu, yaani karata 3 za kwanza zinazofunuliwa kwa ajili ya wote, ikaleta mfalme, saba na nne. Mwenye dau kubwa alikuwa ameshika saba na nne, hivyo akawa na jozi mbili, ambazo huishinda jozi moja ya ree. Kabla karata ya tano haijafunuliwa, punje zote 100 za mwenye ree zilikuwa zimekwishawekwa katikati, na hazikurudi kwake.

Mabishano yaliyofuata yalidumu kuliko mchezo wenyewe. Aliyepoteza alisema kwamba alicheza sawasawa na kwamba bahati ndiyo iliyomwangusha. "Ndugu zangu," alisema, "mvuvi hapigi kasia kwa kishindo dagaa wakiwa wanapanda kwenye taa. Ningeongeza dau, nyote mngekimbia." Kijana aliyekaa kushoto kwake akamjibu kwa adabu, lakini bila kulegeza: "Kaka, yule mwenye saba na nne hakulipa hata punje moja ya ziada. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango." Nimeyatafakari maneno ya wote wawili tangu siku hiyo, na naona kila mmoja ameshika sehemu ya kweli ambayo mwenzake hajaipima.

Nianze na hoja ya kuvizia, yaani kulipa tu kimya ukiwa na karata kubwa, kwa sababu mara nyingi hubezwa isivyostahili. Karata mbili za kuanzia zinaweza kupangika kwa namna 1,326, na kati ya hizo namna 6 tu ndizo jozi ya ree. Kwa hiyo mchezaji huipata kwa wastani mara 1 katika migao 221. Kwa kasi yetu ya migao 100 hivi kwa usiku, mtu anaweza kukaa siku mbili nzima bila kuiona. Anapoipata hatimaye, akaongeza dau, wote wakatupa karata zao, anavuna punje 3 za madau ya lazima. Anayesema kwamba huko ni kupoteza nafasi adimu hasemi upuuzi. Zaidi ya hayo, mchezaji anayeongeza dau kwa jozi kubwa peke yake, na kulipa kimya kwa karata nyingine zote, husomeka kama tangazo la ukutani, na wenzake hujifunza kumkimbia.

Ipo pia hesabu inayoonekana kumuunga mkono mvuvi wetu, na wengi wanaompinga hawaitaji. Jozi ya ree dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban asilimia 85 ya migao. Wapinzani wakiwa wawili, inashuka hadi asilimia 73. Watatu, asilimia 64. Wanne, asilimia 56. Na watano, asilimia 49. Watu huzisoma takwimu hizi na kuhitimisha haraka kwamba wapinzani wengi ni hasara. Hitimisho hilo si sahihi. Kama wachezaji sita wangeweka punje 10 kila mmoja, fungu lingekuwa punje 60, na asilimia 49 yake ni zaidi kidogo ya punje 29. Ukiondoa 10 zako, faida ya wastani ni punje 19 na zaidi. Mpinzani akiwa mmoja, fungu ni punje 20, sehemu yako ni 17, na faida ni punje 7. Mwenye ree angefurahi kuwapata wote watano.

Lakini hebu tuangalie alicholipisha mvuvi wetu. Watu sita waliweka punje 2 kila mmoja, fungu likawa punje 12, na asilimia 49 yake haifiki punje 6. Faida yake ya wastani wakati ule ilikuwa chini ya punje 4. Angeongeza dau hadi punje 10 akabaki na mtu mmoja tu, angekuwa na karibu mara mbili ya hiyo, hata tukikubali kwamba anayelipa punje 10 kwa kawaida huwa na karata nzuri kidogo kuliko za kubahatisha. Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo zima. Idadi ya watu haimdhuru mwenye jozi kubwa. Kinachomdhuru ni bei aliyowaingizia. Kuvizia, kwa namna kunavyofanywa kwenye mikeka mingi, ni kuuza bidhaa ya thamani kubwa kuliko zote kwa bei ya chini kuliko zote, kisha kumlaumu mnunuzi.

Bei hiyo ina uzito zaidi baada ya flopu, maana hesabu niliyoitoa hapo juu inachukulia kwamba hakuna dau jingine litakalowekwa. Mchezo halisi hauko hivyo. Mwenye jozi ndogo, tuseme ya tano, atapata tano ya tatu kwenye flopu mara 1 tu katika migao 8 na nusu hivi. Ukimwingiza kwa punje 2 huku wewe una 98 zilizobaki, anawania karibu mara 50 ya alicholipa, na anaweza kukosa mara nyingi mfululizo bila kuumia. Ukimlipisha punje 12, vyote anavyoweza kuvipata kwako, vilivyowekwa na vilivyobaki, ni kama mara 8 ya alicholipa, na atavipata tu iwapo utamlipa hadi punje ya mwisho kila anapofanikiwa, jambo ambalo mchezaji makini hafanyi. Kwa bei ya kwanza ni haki yake kukufuata. Kwa bei ya pili anakosea, na kosa lake ndilo faida yako.

Tena, anayeongeza dau anapata habari ambayo mviziaji hawezi kuipata. Flopu ya mfalme, saba na nne, baada ya dau kuongezwa hadi mara sita ya dau kubwa la lazima, humfanya mtu aamini kwamba saba na nne hazimo mikononi mwa yeyote. Baada ya kuingia bure, karata zozote zaweza kuwepo. Doyle Brunson, mcheza poka wa Marekani, alitwaa ubingwa wa World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, mwaka 1976 na mwaka 1977, na mara zote mbili mgao wa mwisho aliumaliza akiwa ameshika karata ya kumi na karata ya mbili, ambazo wengi wangezitupa bila kuzitazama mara ya pili. Mara zote mbili zikawa karata tatu za kumi na jozi ya mbili. Karata dhaifu zikifika flopu hazina alama ya udhaifu usoni.

Kosa jingine la mabishano yetu lilikuwa kuzungumzia jozi kubwa zote kana kwamba ni kitu kimoja. Mwenye jozi ya wafalme anakutana na ree kwenye flopu mara 23 hivi katika 100. Mwenye jozi ya malkia anakutana na ree au mfalme mara 41. Mwenye jozi ya jeki anakutana na karata iliyo juu yake mara 57, yaani zaidi ya nusu. Kwa hiyo hoja ya kuvizia hupoteza nguvu kadiri jozi inavyoshuka: ree wanaweza kumudu kungoja, malkia hawawezi, kwa kuwa kila mwenye ree moja na karata duni aliyeingizwa kwa punje 2 ana njia ya kuwapita. Kuhusu wafalme, wapo wanaoogopa kuongeza kwa hofu kwamba mtu mwingine ameshika ree. Kwenye mkeka wa watu tisa, uwezekano wa mmoja wa wale wanane kuwa na jozi ya ree wakati wewe una wafalme ni karibu asilimia 4. Hofu inayotimia mara 1 katika 25 haistahili kuongoza mara 24 zilizobaki.

Jeki ndio wanaonisumbua kwa kweli. Kwao nadhani pande zote mbili zina haki sawa: kuongeza dau mara moja ni sahihi, lakini akija mtu akaongeza tena juu yako kwa nguvu, kulipa na kutazama flopu ni busara kuliko kusukuma punje zote, kwa kuwa wanaokubali kushindana kwa punje 100 kabla ya flopu mara nyingi wameshika jozi iliyo juu ya jeki, au ree na mfalme, ambazo kama hazifanani alama zinawashinda jeki mara 43 hivi katika 100.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua katika suala hili unatoka kwenye kompyuta. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao iitwayo Cepheus imeukokotoa mchezo wa Hold'em wa watu wawili wenye viwango maalumu vya dau, hadi kufikia mahali ambapo binadamu, hata acheze maisha yake yote, hawezi kuonyesha kwamba anaishinda. Programu hiyo inapokuwa mgawaji, ambaye katika mchezo wa watu wawili ndiye wa kwanza kuamua kabla ya flopu, hulipa tu bila kuongeza katika asilimia 0.06 ya migao. Kwa maneno mengine, kuanza kwa kuvizia imekukataa karibu kabisa, kwa karata zozote zile. Hata hivyo, mgawaji huyo huyo akifikiwa na nafasi ya kuongeza mara ya mwisho inayoruhusiwa kabla ya flopu, akiwa na jozi ya ree, huichukua chini ya mara 1 katika 10,000. Hulipa tu na kusubiri.

Naliona jambo hilo kuwa muhimu sana, ingawa mkeka wetu una watu wengi na dau letu halina kikomo. Subira ya Cepheus inakuja baada ya fungu kukua, mpinzani akiwa mmoja, na yeye akiwa wa mwisho kuamua katika kila hatua itakayofuata. Mvuvi wetu alisubiri fungu likiwa tupu, wapinzani wakiwa watano, na yeye akilazimika kuamua kabla ya wengi wao. Jina la mbinu ni moja, lakini mazingira yamegeuka juu chini.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo halina budi kuingizwa katika hesabu. Punje za maharage hazimuumi mtu, na kwa hiyo kwenye mkeka wa Kibirizi dau la mara tatu, yaani punje 6, halimfukuzi yeyote. Nimehesabu mara kadhaa watu wanne wakilifuata bila kusita. Hofu ya mvuvi kwamba "nyote mngekimbia" haina msingi mbele ya watu wa namna hiyo. Kwa jozi ya ree au wafalme ningeweka punje 14, hata 16, na kama wawili wangelipa ningeridhika, kwa sababu wangekuwa wameingia kwa bei yangu.

Mahali pekee ambapo ningelipa punje 2 na kunyamaza ni pale ambapo nina ree hasa, mimi ni wa kwanza kuamua, na kati ya walio nyuma yangu yupo mmoja ambaye nimemwona usiku ule akiongeza dau karibu kila mgao. Kwetu yupo mtu wa aina hiyo. Akiongeza hadi punje 12, waliolipa 2 kabla yake wengi wataachia, zamu itanirudia, na hapo ndipo nitaongeza hadi 40. Usiku ule alikuwa ameondoka mapema, na nafasi yake kwenye mkeka ilikuwa wazi.